Kubali Yaishe, Kumbe Ndiyo Yanaanza

Wadogo zangu wa Musoma, Bunda na Butiama, leo vuteni viti karibu, maana dada yenu nina la moyoni. Barua zenu nyingi zinazohusu polisi na mahakama zina neno moja linalonikosesha usingizi: "Dada, nilikubali tu ili yaishe."

Najua neno hilo mmelitoa wapi. Mmelelewa nalo. Mama akikorofishana na baba, shangazi anakuja, anavuta kigoda, anasema, "Mwanangu, wewe kubali yaishe." Bosi akikufokea kwa kosa la mwenzako, kubali yaishe. Wifi akisusa, kubali yaishe. Na kweli nyumbani mara nyingi yanaisha, chai inanywewa, undugu unabaki. Ila kuna mahali ukikubali jambo usilolifanya ndiyo kwanza yanaanza: kituo cha polisi, ofisi ya mtendaji, mbele ya sungusungu, na kizimbani. Huko hakuna shangazi. Neno lako linaandikwa, unalitia sahihi, linawekwa kwenye jalada, halafu linakusubiri.

Tuseme wewe ni kijana wa bodaboda pale stendi ya Bunda. Pikipiki imeibwa, umekamatwa saa mbili usiku kwa sababu tu ulionekana na mwizi mchana. Simu wameichukua, mama hajui ulipo, njaa inauma, mbu wamekugeuza chakula. Saa nane usiku anakuja mtu na karatasi iliyokwisha kuandikwa: "Saini hapa, kijana, kesi yenyewe ndogo, asubuhi unatoka." Unasaini. Asubuhi hutoki. Miezi kadhaa baadaye umesimama kizimbani unasomewa maneno yanayoanza "Mimi kwa hiari yangu mwenyewe", na huyo "mimi" ni wewe.

Sikucheki, mdogo wangu. Usiku wa mahabusu mrefu, na hofu huwafanya hata watu wazima waseme wasichokijua. Lakini lazima nikugombeze kidogo, maana majaji wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania wamerudia hukumu baada ya hukumu kwamba hakuna shahidi bora kuliko mshtakiwa mwenyewe anayekiri kosa lake kwa hiari. Mashahidi wengine wanaweza kusahau, wanaweza kuwa na chuki, wanaweza kuwa waliona gizani. Wewe utasemaje kwamba hujijui? Ndiyo maana karatasi ile ina uzito kuliko majirani kumi.

Sasa kila kitu kimekaa kwenye maneno yale mawili, "kwa hiari". Sheria yetu ya Ushahidi inasema ungamo ulilolitoa kwa polisi linaweza kutumika dhidi yako endapo ulilitoa kwa hiari, na mzigo wa kuthibitisha hiyo hiari uko kwa upande wa mashtaka. Wewe huna kazi ya kuthibitisha kwamba ulipigwa. Wao ndio wenye kazi ya kuthibitisha kwamba hukupigwa, hukutishwa, hukuahidiwa dhamana wala kuachiwa.

Haikuwa hivi tangu mwanzo, na hili wengi hamlijui. Sheria hiyo ilipotungwa mwaka 1967 ilifuata nyayo za ile ya India ya mwaka 1872 ambayo Waingereza walikuwa wameileta Tanganyika, na zote mbili zilikataa kabisa ungamo lililotolewa kwa polisi. Ulitaka kuungama, unapelekwa kwa hakimu au mlinzi wa amani. Mwaka 1980 ndipo Bunge likabadili, la polisi nalo likaanza kupokelewa kama ni la hiari. Na mwone palipotangulia: mwaka 1976, hapo kwa majirani zetu Mwanza na Shinyanga, watu walikamatwa kwa wingi katika msako wa mauaji ya vikongwe na ushirikina, wakateswa ili waseme, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola. Mwalimu wetu wa Butiama ndiye aliyekuwa Rais. Mwanzoni mwa mwaka 1977 Waziri wake wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa ajili ya hayo, ingawa hakuna aliyesema kwamba yeye ndiye aliyeshika fimbo. Miaka mitatu tu baada ya aibu ile mlango wa ungamo la polisi ukafunguliwa. Mimi si mbunge, lakini sijawahi kuelewa haraka ile ilikuwa ya nini.

Majirani zetu Wakenya walikwenda njia nyingine. Sheria yao inataka ungamo litolewe mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi mwenye cheo ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, tena ukiwa na mtu wa tatu uliyemchagua mwenyewe. Kwa hiyo wewe unayevuka Sirari kila wiki na mizigo yako, ulichosikia kwa shemeji yako wa Isebania usije ukakitegemea ukikamatwa Tarime.

Haya, turudi kwetu. Umekamatwa. Ufanyeje?

Kabla ya kukuhoji, askari anapaswa akuambie unatuhumiwa kwa kosa gani, na akuonye kwamba hulazimiki kusema chochote, na kwamba ukisema kinaweza kutumika kama ushahidi. Ndiyo maana karatasi ile inaitwa maelezo ya onyo. Onyo si salamu, mdogo wangu, lisikilize. Una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Yakishaandikwa, unasomewa au unasoma mwenyewe, unarekebisha palipokosewa, ndipo unatia sahihi. Ukiona "niliiba" mahali ulipokuwa umesema "nilimbeba abiria", usiseme "si kitu, nitaeleza mahakamani". Kitu hicho! Kataa kusaini, kwa adabu, bila matusi. Mtu hafungwi kwa kukataa kusaini uongo.

Tazama na saa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa 4 za kukuhoji tangu ulipowekwa chini ya ulinzi, na muda huo unaweza kuongezwa kwa utaratibu wake hadi saa 8 nyingine. Muda wa kukusafirisha hauhesabiwi. Ukikamatiwa kisiwani Rukuba ukaletwa Musoma mjini kwa boti, safari ile haimo. Maelezo mengi yaliyoandikwa siku ya pili au ya tatu yametupwa na Mahakama ya Rufani kwa sababu hiyo, majaji wakisema kukaa chini ya ulinzi kupita muda wa sheria peke yake ni mateso, hata kama hakuna aliyekugusa. Ila usifanye sherehe mapema. Kuna hukumu nyingine zinazosema si kila kosa la utaratibu linaua ushahidi. Mahakama inapima uzito wake na sababu za kuchelewa. Basi kumbuka ulikamatwa saa ngapi na ulihojiwa saa ngapi, na ndugu yako aliyekufuata kituoni naye aandike. Kesi huja kusikilizwa mkiwa mmeshasahau.

Wapo wanaopelekwa kwa mlinzi wa amani, mara nyingi hakimu wa mahakama ya mwanzo. Huyu anapaswa kuwatoa polisi nje kwanza. Anakuuliza ulikamatwa lini, ulilala wapi, kuna aliyekutisha, kuna aliyekuahidi kitu, unataka kusema kwa hiari yako? Anakukagua mwili kama una majeraha. Hapo, mdogo wangu, ndipo wengi mnaponiudhi. Mgongo umevimba, unaulizwa "Umepigwa?" unajibu "Hapana mheshimiwa," kwa sababu askari amesimama nje ya mlango na jioni utarudi naye. Naielewa hofu hiyo, wala sitakwambia ni ndogo. Lakini "hapana" yako inaandikwa, na baadaye hakuna atakayeamini "ndiyo" yako. Onyesha mgongo. Siku ya kwanza mahakamani sema tena, uombe iandikwe na upelekwe hospitali. Ndugu nao wafuatilie PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mapema, makovu hayasubiri tarehe ya kesi.

Tuseme umechelewa kote huko, ungamo limeshaandikwa na mwendesha mashtaka analitoa mahakamani. Hakimu anakugeukia: una pingamizi? Sentensi fupi hiyo, wadogo zangu, imewafunga watu wengi kuliko hata maungamo yenyewe, kwa sababu mtu anadhani ataeleza yote siku ya kujitetea. Ukinyamaza, linapokelewa kama kielelezo, na siku ya kujitetea ukisema ulipigwa unaonekana umekaa ukatunga. Pingamizi ni pale pale, kabla hakijapokelewa. Ukishasema, kesi kubwa inasimama na kunakuwa na kesi ndogo ndani ya kesi: askari wanaeleza walivyokuhoji, nawe unaeleza yaliyokupata, hakimu anaamua kama ni hiari au si hiari. Kikipokelewa, lazima kisomwe kwa sauti ukisikia. Visivyosomwa vimeondolewa kwenye rufaa mara nyingi.

Na chagua neno lako mapema. Kuna kusema "sikutoa maelezo haya kabisa", na kuna kusema "niliyatoa, lakini nililazimishwa". Mtu anayesema yote mawili kwa pumzi moja anajikaanga kwa mafuta yake. Katika kesi ya Tuwamoi ya mwaka 1967, iliyotoka Uganda na ambayo mahakama zetu zinaitegemea hadi leo, iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema ungamo lililokanwa kwa njia yoyote kati ya hizo lipokelewe kwa tahadhari, na kwa kawaida litafutiwe ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Lakini, na hii "lakini" iwatoe usingizi, mahakama ikiridhika kwamba ungamo ni la kweli inaweza kutia hatiani kwa hilo peke yake. Kukana si dawa ya kila kitu.

Usidhani pia kwamba ahadi yoyote au tishio lolote linafuta ungamo. Mahakama hujiuliza kama jambo lenyewe lingeweza kumfanya mtu akubali kosa asilolitenda. Kipigo kinaweza, tena Katiba yetu inakataza mateso waziwazi. "Sema ukweli utajisikia nafuu" ya mpelelezi mwenye sauti ya upole, hapo utabishana hadi jioni. Na hata ungamo likitupwa, ukiwa umewapeleka polisi mwenyewe ukawaonyesha panga ulipolifukia au ng'ombe walipofichwa, ile sehemu ya maneno yako iliyosababisha kitu kipatikane inaweza kubaki. Kwa hiyo aliyewaonyesha ng'ombe asitegemee sana kesi ya mgongo.

Kuna ujanja mwingine wa zamani: "Mwenzako ameshasema kila kitu, kakutaja wewe." Labda kweli kasema, labda hajasema. Sheria inasema hutiwi hatiani kwa ungamo la mshtakiwa mwenzako peke yake. Usikimbilie kumtaja naye kwa hasira, mkaishia kuchimbiana mashimo wakati mpelelezi anakunywa chai.

Vijijini mambo yanakuwa magumu zaidi. Ng'ombe wamepotea, sungusungu wamekuzunguka na fimbo, mtendaji yupo, wazee wapo, na wewe katikati ya uwanja unasema "Ni mimi, nisameheni." Kukiri kwa mdomo mbele ya raia wa kuaminika kunaweza kutosha kumtia mtu hatiani, mahakama zimeshasema hivyo. Ila swali ni lilelile: ulikuwa mtu huru uliposema? Mtu aliyezungukwa na umati wenye fimbo hayuko huru, na majaji wanalijua hilo. Hata hivyo sitaki ukafike huko. Ukiona umati, omba upelekwe polisi. Ajabu, eh? Dada anakutuma polisi! Bora kituo chenye daftari kuliko uwanja wenye mawe.

Nawe binti wa duka la wakala pale Musoma, uliyeandikishwa na bosi "Nakiri nimechukua" kwa sababu hesabu haikukaa sawa, nimekusoma mara mbili. Upungufu si wizi, mdogo wangu. Ungeandika "hesabu imepungua kiasi fulani na sijui imekwenda wapi", hiyo ni kukubali jambo, bado inaweza kutumika lakini haikuiti mwizi. Ulichoandika ni kukubali kosa. Mtu akikufungia mlango wa duka hadi usaini, kumbuka nani alikuwepo, na mlango ulifungwa saa ngapi. Nenda kwa msaidizi wa kisheria kabla bosi hajafika kituoni. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wasaidizi hao wapo kwa ajili ya watu kama wewe, hawadai pesa. Ukifika, mwambie yote, hata yale ya aibu. Mficha uchi hazai.

Na ninyi mnaodaiana, msidhani haya ni ya wezi tu. "Nakiri nadaiwa laki tatu zako, nivumilie mwezi huu" uliyoituma kwa WhatsApp ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imefungua mlango kwa ujumbe wa simu, mradi ithibitishwe umetoka kwako. Ukitaka kuzungumza suluhu bila neno lako kugeuzwa kuwa kukiri, mkubaliane waziwazi tangu mwanzo kwamba mazungumzo hayo hayatatumika mahakamani. Katika madai, sheria inayalinda. Kama kweli unadaiwa, basi lipa.

Sasa kizimbani kwenyewe. Unasomewa shtaka, unaulizwa: ni kweli au si kweli? Wapo wanaojibu "Ni kweli mheshimiwa" kwa sababu kuna mtu koridoni aliwaambia wakikubali watapewa faini ndogo. Shtaka linapaswa kuelezwa kwa lugha unayoielewa, kila kipengele chake. Bibi wa Butiama anayesikia Kizanaki tu ana haki ya mkalimani, asiitikie kwa kichwa kwa heshima. Ukikubali, mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya tukio, nawe unaulizwa tena kama ndivyo yalivyokuwa. Hapo bado una nafasi. Ukisema "Ni kweli nilichukua baiskeli, ila ni ya kaka yangu na aliniruhusu," hakimu anapaswa kuandika kwamba umekana. Ukipitiliza yote kwa "ni kweli, ni kweli", unahukumiwa siku hiyo hiyo, na rufaa yako kwa kawaida itabaki kulalamikia adhabu tu, isipokuwa kwa sababu chache sana.

Hata ukikana, kuna siku ya usikilizwaji wa awali ambapo wanaorodhesha mambo yasiyobishaniwa, na unasaini. Jina lako, kabila lako, siku uliyokamatwa, sawa. Lakini wakikusomea "mshtakiwa alikutwa na mali ya wizi" na wewe unaitikia, hilo limeshahesabika limethibitishwa na hakuna shahidi atakayeitwa. Sikiliza neno kwa neno.

Mnaniuliza, dada, si nikikana nitakaa ndani? Hofu ya kukaa ndani ndiyo mama wa maungamo mengi, najua. Mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha havina dhamana, hilo kweli. Mengine mengi dhamana ipo, tena ni haki na ni bure. Shauri lililoanzia Mahakama ya Wilaya ya Musoma hapa hapa, la mtu aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi, lilifika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1991 majaji wakatamka kwamba kifungu kilichomnyima dhamana kilikwenda kinyume na Katiba. Mtu wa Mara alikataa kunyamaza, nchi nzima ikafaidika.

Aliyetenda kweli sijamsahau. Sikufundishi kudanganya, mama yako hakukuzaa uwe mwongo. Kama ni kweli na moyo unakusukuma kuungama, ungama ukiwa umeshazungumza na wakili, umelala, umekula, na unajua unachokikubali: kuua kwa bahati mbaya na kuua kwa kukusudia havilingani hata kidogo, na mtu mwenye majuto husema "nimeua" akameza maneno ambayo yangemwokoa na kitanzi. Sema yote yalivyokuwa, pamoja na nani alianza na nani alishika nini.

Nimalizie na wewe wa Butiama, ambaye mdogo wako wa miaka 16 yuko kituoni tangu jana. Wewe usisubiri jibu langu la faragha, nenda leo. Ni mtoto kwa sheria, mzazi au mlezi anapaswa kuarifiwa, nawe udai kuwepo akihojiwa, na ofisa ustawi wa jamii wa wilaya aitwe. Chukua cheti cha kuzaliwa, na kama hakuna, kadi ya kliniki au cha shule kinachoonyesha mwaka. Nenda na mjomba, usiende peke yako. Ukimkuta ameshasaini kitu, usimfokee mbele ya askari. Muulize tu ilikuwa saa ngapi, nani walikuwepo na alisomewa au hakusomewa, uandike, kisha umpe chakula.